Mwenye timu alikuwa kiti cha pembeni yangu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni Mtanzania naishi Calgary, Kanada, gazeti lenu nalisoma kwenye simu asubuhi nikiwa kwenye basi la kwenda kazini na naanzaga na michezo. Nimefuatilia sana huu mjadala wa Simba na Yanga, ile habari ya hisa asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji, na kila siku lazima atokee mtu aseme zama za klabu ya wanachama zimepita, kwamba mwanachama kazi yake ni kupiga kelele mkutano mkuu basi. Naomba niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu.

Huku Siku ya Wafanyakazi sio Mei Mosi, ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na wikiendi hiyo ligi yao ya futiboli inapanga mechi za watani wa jadi. Tulikuwa wanne, mimi, mshkaji wa Morogoro, Mkenya wa Kisumu na kaka mmoja Mkongomani wa Uvira, tukachanga hela ya mafuta tukaondoka alfajiri Jumamosi ya Agosti 30, 2025 kwenda Regina kuwaona Saskatchewan Roughriders, timu ya hapo Regina, na Winnipeg Blue Bombers Jumapili, halafu tugeuze usiku kwa usiku tuwahi Calgary na Edmonton Jumatatu hapa nyumbani. Ni kama kilomita 760 kwenda tu. Unapita Medicine Hat, Swift Current, Moose Jaw, barabara imenyooka na ngano kulia na kushoto, mavuno yameanza, mashine zinatimua vumbi mpaka jua linazama. Chapati na mayai ya kuchemsha viliisha hata Swift Current hatujafika.

Mpira wenyewe ni ule wa umbo la yai, wa kubeba mkononi, ila sio wa Marekani. Hawa wanacheza 12 kila upande, wenzao 11. Uwanja ni yadi 110 kwa 65, mkubwa kweli, na timu inapewa nafasi tatu tu za kusogeza mpira yadi 10 wakati Marekani wanapewa nne. Hizo tatu ndo zinaleta utamu wote, maana ukichemka mbili za kwanza mara nyingi inabidi uupige kwa mguu mbali uwaachie wapinzani, kwa hiyo hakuna kujikongoja, watu wanarusha mpira mbali, mtu anaudaka anakimbia nao, ukiongoza dakika za mwisho bado roho iko juu. Kaka wa Uvira alikuwa hajawahi kuuona maishani, robo ya tatu alishapanda juu ya kiti.

Sasa nije kwenye lenyewe. Regina ni mji wa watu kama laki mbili na kitu, uwanja wao wa Mosaic unachukua zaidi ya 33,000, na siku ile kila ukigeuka ni kijani. Kuna watu wanachonga tikiti maji wanalivaa kichwani kama helmeti, tikiti la kweli, maji yanachuruzika mpaka mabegani na hawajali. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja na mjukuu wake wote wamevaa matikiti. Nikamuuliza, mzee hii timu ni ya nani? Akanijibu, yangu. Nikajua ni mapenzi tu, kumbe anasema kweli! Ana hisa yake, aliinunua dola 250, cheti amekitundika sebuleni. Nikamuuliza inakulipa kiasi gani kwa mwaka, akasema hailipi hata senti, haikuuzwa ili ilipe, lakini anaingia mkutano mkuu na anapiga kura ya kuchagua bodi, na ripoti ya mwaka yenye mapato na matumizi inatolewa hadharani kila mtu anaisoma. Akanisimulia kwamba 1987 klabu ilikuwa inakata roho kwa madeni, ikafanyika harambee kwenye televisheni, watu wakachanga wakaiokoa. Alivyokuwa anaisimulia utadhani anaongelea ndugu aliyepona.

Roughriders walishinda siku ile, na Novemba 16 wakabeba Kombe la Grey, lile la ubingwa wa ligi, hukohuko Winnipeg kwa watani zao, 25 kwa 17 dhidi ya Montreal. Timu ya wananchi hiyo. Halafu hata hao Winnipeg nao ni klabu ya jamii.

Jumatatu tukafika Calgary kumekucha, tukalala masaa machache tukaenda uwanja wa McMahon. Raha pia ilikuwepo, kila Stampeders, timu ya hapa Calgary, wakifunga tachidauni, yaani wakifikisha mpira mwisho wa uwanja, farasi mweupe anatimua mbio pembeni ya uwanja, watoto wanapiga kelele. Ila Stampeders ni mali ya kampuni, na Edmonton ambao walikuwa klabu ya jamii tangu 1949 waliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja mwaka 2024 baada ya hali kuwa mbaya. Kwa hiyo siwezi kusema klabu ikiwa ya wanachama basi imepona. Yule mzee wa Regina ametoa hela yake mfukoni na hesabu za klabu anaonyeshwa, kikikosekana kimoja hapo naamini ungekuta hata matikiti hayapo.

Ndo maana nawaomba dawati lenu la michezo, kabla ya kuandika tena kwamba wanachama hawawezi, waulizeni viongozi wa klabu zetu, za Kariakoo na za mikoani pia, wanachama waliolipia kadi mwaka huu ni wangapi na hesabu zilizokaguliwa mtu wa kawaida anazisoma wapi, majibu yao myachapishe yote kama yalivyo. Kadi yangu ya Yanga ninayo mpaka leo, niliikata kabla sijasafiri, na miaka yote niliyokaa huku niko tayari kuilipia kwa mkupuo siku nikionyeshwa hesabu.

Msomaji wenu,
Calgary, Kanada