Mjukuu wangu kazaliwa Dubai, hana viza wala bima. Nimlete Jinja?

Mhariri, asalaam aleikum. Salamu pia kwa ndugu zangu wasomaji, hasa nyinyi mlio kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, huko Uarabuni na nyinyi mnaolea watoto wa walio huko.

Mimi ni mama mtu mzima, nimepita miaka sitini, naishi Walukuba hapa Jinja, Uganda. Marehemu mume wangu alikuwa askari, watoto wetu walikulia kambini, kwa hiyo Kiswahili ndicho tunachosema nyumbani mpaka leo. Nina jambo limenikosesha usingizi, na walio karibu nami kila mmoja ananivuta upande wake. Naomba ushauri wa watu waliolipitia.

Binti yangu anafanya kazi ya usafi Dubai. Mumewe ni mlinzi huko huko, kampuni nyingine. Walioana kwa nikaha hapa Jinja kabla ya kuondoka, mashahidi wapo na imamu yupo. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia fulani kajifungua Uarabuni wanaanza kunong'ona. Mungu amewajalia mtoto wa kike. Alizaliwa kwa upasuaji, na sasa yuko katika mwezi wake wa tatu.

Shida ilianzia kwenye pesa za hospitali. Kule Dubai mwajiri analazimika kumkatia mfanyakazi wake bima, na wafanyakazi wa mshahara mdogo hupewa ile bima ya msingi. Bima hiyo inalipia uzazi, lakini ina kikomo: dirhamu 7,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 10,000 kwa upasuaji, na mama mwenyewe anachangia asilimia kumi. Gharama za binti yangu zilipita kikomo. Kilichozidi walikilipa kwa kukopa kwa wenzao, na deni hilo bado wanalo.

Mtoto mwenyewe alikuwa chini ya bima ya mama yake kwa siku 30 za mwanzo. Katika siku hizo alipata chanjo ya kifua kikuu na ya homa ya ini, na vipimo vya damu wanavyowapima watoto wachanga. Siku ya 31 ikawa hana chochote. Alipobanwa na kifua walimkimbiza kliniki, pale mapokezi wakaombwa kadi ya bima ya mtoto na kitambulisho chake cha Emirati. Vyote hana. Wakalipa taslimu, na dawa pamoja na kumwona daktari vikala karibu mshahara wa wiki mbili wa mama yake. Tangu hapo mtoto akikohoa usiku, binti yangu ananipigia mimi simu kwanza aniulize kama anaweza kusubiri mpaka asubuhi. Mimi nitajuaje, niko Jinja, namsikia tu kwenye simu?

Kumkatia mtoto bima yake mwenyewe kunahitaji awe na viza ya ukaazi. Viza ya ukaazi inahitaji mzazi amdhamini, na mzazi hawezi kudhamini mpaka awe na mshahara wa dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 akiwa na nyumba ya kampuni. Mkwe wangu hafikii kiwango hicho na kitanda chake kiko kwenye chumba cha walinzi wengi. Binti yangu ndiyo kabisa. Ukiwauliza hao wenye makampuni, watakwambia wafanyakazi wao wana haki zote. Haki ya kufagia maduka na kulinda milango ipo, ila ya kukaa na mtoto wako mwenyewe inapimwa kwa mshahara, na mishahara hiyo wameipanga wao.

Kuna mtu aliwafuata huko akasema atawatengenezea barua ya mshahara inayosoma 4,000, wampe chake. Nilimwambia mkwe wangu asijaribu. Mishahara ya huko inapitia benki chini ya mfumo ambao serikali yao inauona, kila mwezi kinachoingia kinajulikana. Baba akifungwa kwa barua ya uongo, huyo mtoto atabaki na nani?

Kinachotukimbiza ni kalenda. Sheria ya Falme za Kiarabu inampa mtoto mchanga siku 120 tangu kuzaliwa awe ameshapata viza. Zikipita, faini inahesabiwa kila siku, na hataruhusiwa kutoka nchini mpaka mambo yake yawekwe sawa. Kwa hiyo akitoka kabla ya siku hizo anatoka salama. Akichelewa, anakuwa mtoto mwenye makosa ya uhamiaji hata meno hajaota. Mwaka 2024 waliwahi kutoa msamaha kuanzia Septemba, ukaongezwa mpaka mwisho wa Desemba, na watoto waliozaliwa bila karatasi waliingizwa humo. Wapo wanaomwambia binti yangu atulie, msamaha mwingine utakuja. Mimi siwezi kumweka mjukuu wangu kwenye matumaini ya namna hiyo.

Muda wetu mwingi ulikwenda kwenye cheti cha ndoa. Ili mtoto aandikiwe cheti cha kuzaliwa, walitakiwa walete cheti cha ndoa kilichothibitishwa, nasi tulikuwa na karatasi ya msikiti tu. Ikabidi niipeleke Kampala kwenye idara ya usajili, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Emirati. Enyi mnaowaoza mabinti wanaojiandaa kwenda kyeyo, fanyeni hayo kabla hawajapanda ndege. (Naambiwa pia kwamba sheria ya huko imebadilika tangu 2022, hata mama asiye na ndoa anaweza kumwandikisha mtoto wake, wakati zamani angeishia jela. Nalitaja kwa faida ya mwenye binti katika hali hiyo. Asimfiche mtoto.) Cheti cha kuzaliwa sasa kipo, alhamdulillahi. Uraia haunisumbui, maana Katiba yetu ya 1995 inasema mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mganda wa kuzaliwa naye ni Mganda, popote azaliwapo. Kilichobaki ni hati ya kusafiria kutoka ubalozi wetu wa Abu Dhabi.

Binti yangu amesharudi kazini. Likizo ya uzazi kule ni siku 60, 45 za mshahara kamili na 15 za nusu, na zimekwisha. Sheria inampa mama muda wa kunyonyesha, saa nzima kwa siku, mpaka miezi sita baada ya kujifungua. Lakini basi la kampuni linawachukua alfajiri na kuwarudisha jioni, na jengo analosafisha liko mbali na mtaa wa Deira alikomwacha mtoto kwa mama mmoja Mkenya anayemlea kwa malipo. Saa moja haimfikishi kokote. Kwa hiyo anaingia kwenye kile chumba cha kuwekea ndoo na mifagio, anafunga mlango, anakamua maziwa kwenye kikombe, anayamwaga kwenye sinki. Pa kuyahifadhi yasiharibike kwenye joto lile hapana. Aliponieleza hayo nilishindwa kumjibu.

Sasa familia imegawanyika. Shemeji yangu mkubwa anasema binti aache kazi arudi na mtoto wake, mambo mengine Mungu atafanya. Ni neno zuri, lakini yeye hadaiwi. Binti yangu alikopa kwenye Sacco ili kulipia safari, na dhamana ni kiwanja alichoacha baba yake. Wadogo zake wawili wako sekondari kwa pesa yake hiyo hiyo. Mama mkwe wake wa Tororo anamtaka mtoto alelewe kwao, kwa kuwa ni damu yao. Binti yangu na mumewe wanataka nimchukue mimi: mama amlete, akae wiki chache za likizo yake ya mwaka, amwache, arudi.

Sikatai kulea, nimelea wengi. Ninachoogopa ni umri wa huyu mtoto. Akija sasa hivi atakuwa na miezi mitatu na siku kadhaa, anategemea titi. Muuguzi mmoja hapa aliniambia maziwa ya ng'ombe si ya mtoto chini ya miezi sita, nitafute ya kopo, na kopo hapa mjini halikai siku nyingi huku bei yake mnaijua. Halafu kuna malaria. Huyu mtoto hajaumwa na mbu hata mmoja, anakuja huku kwetu Busoga, karibu na ziwa. Uganda imeanza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2025, nimefurahi sana, ila dozi ya kwanza inatolewa mtoto akifika miezi sita. Hiyo miezi katikati nitamlinda kwa neti na dua. Chanjo nyingine ni bure, na hospitali za serikali ziliacha kutoza ada tangu 2001, hilo linanipa nguvu kuliko huko anakolipishwa hata kukohoa. Lakini sote tunajua dawa zikiisha unaandikiwa karatasi ukanunue nje, na mimi kipato changu ni meza ya nyanya na vitunguu.

Lipo na lingine ambalo watu hulipitia haraka. Jirani yangu alimlea mjukuu wake tangu akiwa mchanga. Mama yake alipokuja kutoka Oman na masanduku, mtoto alipiga magoti akamsalimia kama wanavyosalimiwa wageni, kisha akamuuliza bibi yake, "Huyu anti atalala wapi?" Yule mama alikaa mwezi mzima akarudi Oman, na mtoto hakuwahi kumwita mama. Nilikuwepo. Sitaki binti yangu aje ayaone hayo.

Kwa hiyo nimewaza njia nyingine, na hapa ndipo nataka msaada wenu hasa. Mtu mwenye viza ya ukaazi ya huko anaweza kukaa nje ya nchi bila viza yake kufa, mradi asipitishe miezi sita. Je, binti yangu akiomba likizo bila malipo, akaiunganisha na likizo yake ya mwaka, akaja kukaa hapa miezi mitatu? Mtoto angefika miezi sita akiwa bado ananyonya, angeanza uji mikononi mwa mama yake, angepata na ile chanjo ya kwanza ya malaria, ndipo mama arudi. Mshahara wa miezi hiyo tungeukosa, na Sacco ningewaendea mwenyewe niwaombe subira. Ninachokihofia ni kampuni. Kuna aliyewahi kuomba likizo ndefu hivyo kwenye kampuni za usafi akakubaliwa? Aliiombaje, kwa maandishi au kwa kumpitia msimamizi? Au ukishataja jambo hilo tu wanakufutia viza ukiwa bado njiani?

Mliopata hati ya kumsafirisha mtoto kwenye ubalozi wetu Abu Dhabi, nielezeni mlipewa hati ya dharura ya safari moja au mliambiwa msubiri pasipoti kamili, na kama baba alitakiwa aende mwenyewe au sahihi yake ilitosha. Mkwe wangu akikosa zamu moja anakatwa, kwa hiyo tunataka aende akiwa na kila kitu mkononi. Nanyi akina mama mliopokea watoto wa miezi mitatu bila mama zao, niambieni ukweli: walikunywa nini, walizoeaje, na ni kitu gani mngefanya tofauti.

Na kama kuna anayeona nakosea kabisa, kwamba binti yangu avunje kazi na arudi nyumbani hata kwa hasara ya kiwanja, naomba aseme hivyo waziwazi na atoe sababu. Nitamsikiliza. Kiwanja kile nakipenda, lakini si kuliko huyu mtoto.

Siku 120 zinaisha mwezi ujao na tiketi haijakatwa. Tafadhali mhariri, ukiweza iweke barua hii mapema.

Ni mimi,
Bibi wa Walukuba, Jinja