Risala ya motari wa Katindo kwa Mama Daktari, mgeni wetu wa heshima

Mama Daktari, mgeni wetu wa heshima. Papa shefu wa kata. Wazee wa avenyu. Mama na papa wateja wetu. Na ninyi motari wenzangu, wabeba abiria, mliokubali kuzima pikipiki zenu, hizi moto, saa hii ya kazi (katika mji wa volkano ya Nyiragongo, kusema “zima moto” kunahitaji ujasiri): tunawasalimu nyote, karibuni.

Sisi ni motari wa parkingi hii. Tuna likelemba yetu, mchango wa kupokezana, tuna kitabu cha majina, na tangu mwezi uliopita tuna ndugu mmoja aliyelala nyumbani. Ndiye aliyetufanya tukuite wewe, tukaacha kumwita mwanasiasa.

Mama Daktari, tusikufiche. Kaske, kofia ngumu ya kulinda kichwa, kila motari aliyeketi hapa anayo. Swali ni iko wapi. Simama barabarani asubuhi utazame: moja imefunika tangi ya mafuta, nyingine inaning'inia kwenye kioo, nyingine imeingizwa kwenye kiwiko kama bangili. Polisi wa rulaji, wa barabarani, akionekana mbele, vichwa vyote vinavaa mara moja, kama wanafunzi waliomwona prefe, mkuu wa shule. Tukishampita, vinavua.

Ndugu yetu alikuwa wa kiwiko. Alimkwepa mwenye chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, aliyeshuka na magunia ya makaa, tairi la mbele likapanda jiwe, akatua kwa kichwa. Na hapa Goma chini si udongo. Ni jiwe lililotoka mlimani. Kaske yake ndiyo hii mezani. Imekwaruzika kidogo pembeni. Kiwiko chake ni kizima kabisa. Leo anaongea, anakula, lakini majina ya watoto wake yanamponyoka. Na fakitire, bili ya hospitali, ilipotoka, tuliipindua kaske hiyohiyo tukaizungusha parkingini, kila mmoja akatumbukiza alichokuwa nacho. Siku hiyo ndipo ilipopata kazi.

Baada ya hapo tulifanya mkutano, na lazima ujue kwamba hatukuelewana. Mmoja alisema kaske inaziba masikio: kliya, mteja wake, anasema “nishushie hapa”, yeye anasikia “endelea”. Mwingine akatoa simu, akatuonyesha Wamarekani wanaendesha vichwa wazi, akauliza: wale hawana akili? Tulimtafutia jibu. Ni kweli, kule kila jimbo lina sheria yake. Florida, tangu mwaka 2000, aliyepita miaka 21 anaruhusiwa kuacha kaske, lakini awe na bima ya matibabu isiyopungua dola 10 000. Tukamwambia: lete bima yako uvue. Sisi bima yetu umeiona, ni ile kaske iliyopinduliwa.

Wale wanaodai kwamba kichwa ni mali ya mwenyewe, mimi katibu nawajibu hivi, na ni maoni yangu: kichwa cha motari hakianguki peke yake. Nyuma yake kuna mama aliyebeba mtoto.

Hoja ya wateja wetu hatuicheki. Kaske moja ya abiria hupita kwenye vichwa vingapi tangu alfajiri? Ina jasho, ina mafuta ya nywele, na mvua ikiinyeshea inanuka kama soksi. Mama aliyekaa siku nzima akisukwa hawezi kuifurahia. Lakini mama huyohuyo akivuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, motari wa kule anampa kaske kabla hajapanda, naye anavaa bila neno. Akirudi upande huu, anapanda kichwa wazi, na wakati mwingine wanapanda wawili. Ni mtu yuleyule, nywele zilezile, hatua chache tu za mpaka.

Kuna neno jingine ambalo wengi waliniomba nilipunguze makali. Kwetu, kukosa kaske kumegeuka mlango wa pesa isiyo na risiti. Ukitoa kitu, unaachiwa uendelee kichwa wazi vilevile. Sheria ya namna hiyo hailindi ubongo wa mtu, na ndiyo maana vijana wanaichukia kaske wakati wanachochukia ni mkono ulionyooshwa. Tunakuomba, wewe unayesikilizwa ofisini, utusemee: aliyekosa aandikiwe, alipe benki, apewe karatasi yake.

Tunakuomba pia utufundishe kuchagua. Tumesoma kwamba tafiti nyingi zilipojumlishwa, kaske ilionekana kupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha 42 kwa mia, na jeraha la kichwa kwa 69 kwa mia. Lakini kaske ipi? Hapa wapo wanaovaa ya fundi wa majengo. Wapo wanaofunga kamba ya kidevu kwa kipande cha shambrere, mpira wa ndani ya tairi. Wapo walionunua iliyokwisha kuanguka na mwenyewe, povu la ndani limebonyea, nje imepakwa rangi mpya inang'aa. Tuonyeshe kwa mikono yako, ukitaka uivunje mbele yetu.

Kwa upande wetu, likelemba ya miezi mitatu ijayo haitagawanywa; itanunua kaske ya pili kwa kila moto. Fundi mmoja wa mtaa wa Birere anatushonea vikofia vya vitambaa vilivyobaki, kliya avae chini ya kaske, vioshwe kila jioni. Wanachama watatu wamekataa kuchanga. Wameketi nyuma pale, wamekuja kukusikiliza, na tumewaheshimu kwa hilo.

Suala la wanafunzi bado linatushinda. Asubuhi mzazi anapandisha watoto watatu kwenye moto moja, anataka bei ya mmoja, nasi tunakubali. Kaske za vichwa vidogo sokoni hatujaziona. Ukijua zinapopatikana, tuambie leo.

Mama Daktari, tumesikia gari lako liko garaji na kwamba unasubiriwa kazini saa nane. Moto ya mwenyekiti iko nje, kaske ya pili imeoshwa jana, na kikofia chake hakijavaliwa na mtu. Ukikubali, atakurudisha polepole.

Asante kwa kutusikiliza.

Katibu, kwa niaba ya motari wa parkingi