Barua kwa Bakari: uzito uko nyuma ya kisanduku

Ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi mpya. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, maana ile sehemu ya mwisho umeiandika kama mtu anayekimbizwa. Unasema bosi anataka visanduku vya kufyonza mgongano, vile vinavyokaa kati ya boriti ya bampa na mihimili ya mbele ya gari, vipungue uzito, na wewe tayari umeanza kuulizia bei ya nyuzi za kaboni. Tulia kwanza.

Tupige hesabu pamoja. Gari la kilo 1,400 likienda kilomita 50 kwa saa lina nishati ya kilojuli 135 hivi, na likigonga ukuta nishati hiyo haina pa kwenda ila kwenye bati linalojikunja. Likisimama ndani ya sentimita 60, kani ya wastani ni kilonyutoni 225, na aliyemo ndani anapunguzwa mwendo kwa kama mara 16 ya mvutano wa dunia. Anatoka na michubuko, pengine mbavu zinauma. Likisimama ndani ya sentimita 10 inakuwa karibu mara 100, na hapo mkanda na mfuko wa hewa havina la kufanya. Kumbe tunachouza mimi na wewe ni nafasi ya kujikunja, basi. Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliliona hilo mapema. Aliomba hataza mwaka 1951 ya gari lenye chumba kigumu cha abiria katikati na ncha laini mbele na nyuma, na mwaka 1959 gari la W 111 likatoka likiwa limejengwa hivyo.

Sasa turudi kwenye kisanduku chako. Kazi yake kubwa ni migongano ya mwendo mdogo. Lile jaribio la RCAR, umoja wa kimataifa wa vituo vya utafiti vya bima za magari, ambalo watu wa bima wanalitumia ni la kilomita 15 kwa saa, gari linagonga kizuizi kwa asilimia 40 tu ya upana wake. Kwa gari lako hizo ni kilojuli 12, na karibu zote zinaangukia kisanduku kimoja. Kilo moja ya bomba la chuma likikunjwa vizuri hufyonza kama kilojuli 15, ya alumini 20 hadi 30, na ya nyuzi za kaboni zilizotengenezwa kwa ustadi 50 hadi 80, wakati mwingine zaidi. Gawanya mwenyewe: chuma gramu 800, alumini nusu kilo, kaboni gramu 200. Umeona? Kutoka nyenzo ya bei rahisi kabisa hadi ya ghali kabisa unaokoa gramu 600 kila upande. Hakuna atakayekupandisha cheo kwa gramu 600.

Uzito unaoutafuta uko nyuma ya kisanduku. Mhimili unaokishikilia lazima usimame imara bila kupinda wakati wote kisanduku kinapojikunja, la sivyo mteja atabadilisha nusu ya gari kwa ajali ya kwenye maegesho. Na mhimili huo haujui wastani wa kani; unajua kilele chake tu. Tuseme kisanduku chako kina sentimita 16. Hakitajikunja chote, maana mikunjo ikishabanana hakuna tena nafasi, kwa hiyo hesabu robo tatu, yaani sentimita 12. Kilojuli 12 kwa sentimita 12 ni wastani wa kilonyutoni 100. Lakini bomba lililonyooka halianzi kujikunja kwa 100. Mkunjo wa kwanza unaweza kudai 200, ndipo kani inaporomoka na kuanza kupanda na kushuka kwa kila mkunjo unaofuata. Ile 200 ya kufumba na kufumbua ndiyo itakayoamua unene wa mhimili, wa viungo vyake, wa bolti zake, mpaka ukuta wa mbele ya dereva. Ishushe hadi 120, uone mnyororo mzima wa nyuma utakavyopungua. Hapo ndipo kilo zinapatikana.

Kilele kinashushwaje? Chukua kopo tupu la soda, simama juu yake taratibu kwa mguu mmoja. Litakubeba. Mtu akigusa ubavu wake kwa kidole, linakaa chini papo hapo. Uzito ule ule, bati lile lile. Kilichobadilika ni kasoro ndogo mahali fulani. Sasa wewe itie kasoro hiyo kwa makusudi: mfuo mwembamba unaokatiza ukuta wa bomba karibu na ncha ya mbele, au pembe zilizobonyezwa kidogo, au tundu. Ukiuweka mfuo mbele, mkunjo unaanzia mbele na kurudi nyuma kwa utaratibu. Ukiacha bahati iamue, mkunjo unaweza kuanzia kwenye tundu la bolti upande wa nyuma, bomba likapinda katikati, na likishapinda halifyonzi kitu cha maana. Nimeona kipande kizuri cha alumini kikifanya hivyo kwa sababu mtu wa umeme aliomba tundu la kupitishia waya, na akapewa bila mtu kuuliza.

Ukipata nafasi ya kwenda kwenye presi, nenda. Usiridhike na video ya kompyuta. Chukua bomba la pembe nne lililokwisha kukandamizwa, ulitazame pembeni: kuta zimejikunja ndani na nje kwa zamu, na kwenye kila pembe metali imevutwa na kukunjuliwa kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya nishati imeliwa hapo penye pembe. Ndiyo maana bomba lenye vyumba viwili au vinne ndani hufyonza zaidi kwa kila gramu kuliko bomba tupu: limeongezewa pembe. Kwa alumini hilo ni rahisi, kwani umbo lolote linasukumwa kupitia kalibu likatoka na kuta zake za ndani. Lishike pia kwa mkono mara tu baada ya jaribio, utalikuta vuguvugu. Kilojuli 12 ndani ya nusu kilo ya alumini ni ongezeko la zaidi ya nyuzi 25 za joto, na huo ndio mwendo wa gari ulikoishia.

Tafuta na nyufa. Aloi iliyokazwa kwa joto hadi kilele cha uimara wake inavutia kwenye karatasi, ila penye mkunjo inapasuka, vipande vinachomoka, na kani inaanguka. Heri iliyopitishwa kidogo kilele hicho, iwe laini zaidi na ikunjike bila kuchanika. Kuchomelea nako kuna hila zake: kandokando ya chomeo alumini ya aina hii inalegea vibaya, na mkunjo utapapenda hapo kuliko mahali ulipopanga. Ribiti pamoja na gundi havileti shida hiyo, ingawa wa kiwandani watanung'unika.

Kuhusu kaboni, siidharau. Mwaka 1981 John Watson, dereva wa mashindano ya Formula 1, alipata ajali mbaya Monza, Italia, ndani ya McLaren MP4/1 iliyojengwa kwa nyuzi za kaboni, akatoka mzima, na wenye shaka wakanyamaza. Lakini kaboni haijikunji, inasagika. Inabidi ncha yake ichongwe mshazari ili isagike kidogo kidogo, tabaka zikifunguka ndani na nje. Mgongano ukija kwa pembe, mambo yanaweza kuharibika haraka: ukuta unavunjika mapande na kani inapotea. Na kizuizi cha lile jaribio la kilomita 15 kimegeuzwa nyuzi 10, kwa hiyo pembe utaikuta utake usitake. Gari la mashindano linalojengwa kwa mkono, sawa. La kwako nasema hapana, angalau kwa sasa.

Jambo moja la kando, maana najua utaliuliza. Gari jepesi lina nishati kidogo ya kumeza likigonga ukuta, ila likikutana na zito uso kwa uso linaonewa. La tani 1 na la tani 2, kila moja kwa kilomita 50: jepesi linasukumwa kinyumenyume, badiliko la mwendo wake ni kilomita 67 kwa saa, la zito ni 33. Kwa hiyo ukipunguza kilo, usipunguze sentimita za kujikunja. Wachora sura ya gari watakuomba pua fupi. Waambie wazungumze na mimi.

Kwenye kompyuta, elementi, yaani vipande vidogo ambavyo umbo linagawanywa, za milimita 5 zinakulazimisha hatua za kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, na ajali nzima ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani hatua laki moja. Si nyingi kwa kipande kidogo. Endesha mara nyingi basi, ukiyumbisha unene wa ukuta na pembe ya mgongano kidogo kidogo. Kisanduku kinachofanya vizuri kwa vipimo kamili peke yake usikipeleke mbele ya bosi.

Nitumie grafu ya kani dhidi ya umbali, na mchoro unaoonyesha matundu yote, hata yale ya waya. Picha za rangi baki nazo.

Nisalimie wa nyumbani.

Wako,
Juma