Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Nani Ajue Chombo Kiko Wapi

Ndugu wanachama, manahodha, mabaharia, wenye vyombo na wachuuzi wa samaki mliofika Lamu leo kutoka Shela, Matondoni, Kipungani, Faza na Kizingitini, Assalamu alaykum.

Wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu tumeshawaombea dua, Mungu awarehemu. Hesabu atazisoma mweka hazina na mimi sitamwingilia kazi yake. Nitasema tu kwamba wanaodaiwa ada wanajijua. Banda la nyavu limekwisha isipokuwa mlango. Barafu bado ni taabu. Haya nayapitia mbio kwa sababu jambo lililoila kamati mwaka huu ni moja, na ndilo mtakalolipigia kura leo.

Kuna mradi uliotujia kaskazi ilipoanza, ukataka kufunga treka, kifaa cha kufuatilia chombo kiko wapi, kwenye mashua za wanachama, bure, na sola yake juu. Wako waliosaini papo hapo. Wako waliokataa kwa maneno makali. Na kundi la tatu, ambalo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, lilisema setilaiti zinatuona hata hivyo, kwa hiyo kusaini na kutosaini ni mamoja. Kamati iliona hatuwezi kupiga kura hali wengi wetu wanalidhania jambo lenyewe sivyo lilivyo. Naomba mnivumilie.

Setilaiti ya GPS, mfumo unaoiwezesha simu kujua iko wapi, haimwoni mtu. Iko juu kiasi cha kilomita 20,200, inaizunguka dunia mara mbili kwa siku, na kazi yake ni kutangaza saa yake na mahali ilipo. Ni kama muadhini: yeye anaadhini, hajui nani kasikia wala yuko kichochoro gani. Anayefanya hesabu ni simu yako. Inapima mawimbi yamechukua muda gani kufika, na kwa muda huo inajua umbali wa kila setilaiti. Tatu zingetosha lau simu ingekuwa na saa kamili, lakini saa ya simu ni ya bei nafuu, kwa hiyo inahitajika ya nne ya kuisahihisha. Za juu ni saa za atomu, na hata hizo haziendi sawa na za huku chini. Kwa kasi ya setilaiti na kwa kuwa mvutano wa dunia kule ni hafifu, saa hizo hutangulia mikrosekunde 38 kila siku, kama hesabu za Einstein zinavyotaka. Zisiporekebishwa kosa hukua kilomita 10 hivi kwa siku: jana uko Shela, leo simu inakuweka karibu na Kipungani.

Wamarekani walirusha ya kwanza mwaka 1978 na mfumo ukakamilika 1995. Hadi Mei 2000 raia walikuwa wakipewa mawimbi yaliyovurugwa makusudi, na waliokuwa na vile vifaa vya mkononi vya zamani wanakumbuka mwamba ulivyokuwa ukihama mita mia kati ya safari na safari. Siku hizi ipo pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China iliyokamilika 2020, na simu nyingi za sasa husikiliza zote. Mbingu ikiwa wazi, simu hukosea mita 5 hivi.

Tangu 2018 kumetoka simu zinazosikiliza masafa mawili ya mawimbi badala ya moja. Watu wa Ikweta tuna sababu ya kuzitaka kuliko wengine. Mawimbi yakiteremka hupita tabaka la hewa yenye umeme, ionosfia, ambalo huyachelewesha. Kila masafa hucheleweshwa kiasi chake, kwa hiyo simu ikisikia mawili inaweza kupiga hesabu na kuliondoa kosa. Kwetu tabaka hilo ni nzito, na baada ya Magharibi huchafuka hata mawimbi yakawa yanakatika. Hapo masafa mawili hayasaidii sana, hasa miaka ambayo jua limepamba moto kama 2024. Ukiona usiku alama ya mashua inarukaruka kwenye ramani, usiipige simu makofi.

Galileo nayo tangu Januari 2023 inatoa masahihisho ya bure yanayoshusha kosa hadi sentimita 20 hivi, kwa mwenye kipokezi maalumu. Mpima ardhi atafurahi. Mimi sijaona samaki changu anayenitaka sentimita 20.

Msiba wetu uko kwenye ramani zaidi kuliko mbinguni. Ramani za zamani za Kenya zimepimwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, nayo GPS hutumia mwingine, WGS 84. Hapa kwetu misingi hii miwili hupishana kwa zaidi ya mita 200. Mtu akiichukua alama kutoka ramani ya zamani akaitia kwenye simu bila kuibadilisha, simu itampeleka kwa uaminifu kabisa pasipo. Katikati ya bahari hilo ni dogo. Mkandani, kwenye ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakiwa yametoka, mita 200 ni mikoko. Wala simu haijui bamvua wala maji mafu. Inakwambia uko juu ya nini, haikwambii chini yako mna maji kiasi gani. Kwa hiyo kamati imekataa ombi la vijana la kuiondoa dira kwenye orodha ya vifaa vya lazima, na upondo pia unabaki.

Sasa nije kwenye vifaa vinavyosema, yaani vinavyowaambia wengine mahali vilipo, kwa kuwa hadi hapa nimezungumzia vinavyosikiliza tu.

Simu yenyewe ni wa kwanza kusema. Ukiwa mjini, kwenye vichochoro vya Mkomani, kuta ni ndefu na mbingu ni uzi. Mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kwanza ndipo yakufikie, na simu hukuweka nyumba ya jirani. Kwa hiyo inajisaidia kwa wifi na minara ya mtandao: inasikiliza ruta zilizo karibu na kuuliza kampuni yenye orodha ya ruta hizo ziko wapi. Kule kuuliza ndiko kusema. Ukizima data, GPS bado inafanya kazi, ila huchelewa kuamka, maana habari za njia ya kila setilaiti lazima izipate kutoka juu, nusu dakika au zaidi, badala ya kuzipokea mara moja kupitia mtandao. Kwa mvuvi nusu dakika si kitu.

Meli zinazokuja gati la Lamu zinasema wakati wote. Sheria ya kimataifa inazitaka meli za tani 300 na zaidi ziendazo nchi za nje ziwe na AIS, redio inayotangaza jina, mahali, mwendo na uelekeo. Mnaweza kuziona kwenye simu zikikaribia. Wao hawatuoni, kwa sababu mashua hazina AIS na mbao haziakisi rada vizuri. Taa, ndugu zangu. Bado naona vyombo vikitoka usiku na tochi ya simu.

Halafu kuna kusema wakati wa shida. Mnajua yaliyowapata wenzetu kaskazi hii nje ya Kiwayu, injini ilipozima na mkondo ukawachukua. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ina chaji, inaonyesha walipo hadi tarakimu ya mwisho. Mtandao hapana. Walikaa na mahali pao mkononi na hawana wa kumwambia, mpaka jahazi lililokuwa likishuka kutoka Kiunga likapita karibu. Baharia wake alizinakili zile namba nyuma ya boksi la dawa, akapiga simu alipoupata mtandao usawa wa Faza. Wakafikiwa. Lakini jahazi lingepita usiku, ingekuwa habari nyingine.

Kwa hali ile kilichohitajika ni kile kidude cha dharura cha masafa ya 406 MHz. Kinasikika na Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji, ambao umekuwa ukiokoa watu tangu 1982, na hakihitaji mnara wala kifurushi. Vinavyotumia Galileo vina jambo jipya tangu Januari 2020: kinaweza kurudishiwa jibu, taa ikawaka, ukajua umesikika. Kituo cha kuratibu uokoaji wa baharini cha kanda yetu kiko Mombasa. Sharti ni kisajiliwe kwa jina la mwenyewe, la sivyo waokoaji hawajui wanamtafuta nani. Usinunue cha zamani cha 121.5, setilaiti ziliacha kuvisikiliza Februari 2009, na bado kuna wanaoviuza. Kamati inapendekeza chama kinunue vichache viwe vya kuazima kwa wanaokwenda nje ya miamba. Bei si ndogo. Mweka hazina ana makisio.

Mtu atauliza kama mawimbi yenyewe ni ya kutegemewa. Ni dhaifu sana, na mwenye mtambo mdogo anaweza kuyafunika au kuigiza ya uongo. Juni 2025 karibu na mlango bahari wa Hormuz meli kwa mamia zilionekana mahali zisipokuwepo. Ulaya mwaka huu imeanza kutia muhuri kwenye mawimbi ya Galileo ili kipokezi kitambue ya kughushi, na Juni hiyo hiyo kampuni ya Xona ya Marekani ilirusha setilaiti inayozunguka karibu zaidi na dunia, yenye mawimbi yenye nguvu zaidi. Hayo yatatufikia kwa wakati wake.

Narudi kwenye treka. Treka inasikia kama simu, kisha inapeleka kila ilichosikia kwa mwenye mradi. Sina neno na watu wa mradi, ila mkataba wao hausemi ramani za safari zetu zitakuwa mali ya nani wala zitafutwa lini. Tayari tuna ugomvi wa ndani: vijana wawili watatu wametia pointi za miamba kwenye kundi la WhatsApp, miamba ambayo wazee waliipata kwa kulinganisha mnara wa msikiti na mnazi, na baadaye tukawaona wageni wakishusha nanga pale pale. Mzee aliyenijia nyumbani kwa hasira alikuwa na haki. Naomba pointi zifutwe kwenye kundi, na mwenye kutaka kuzirithisha azirithishe kwa mkono wake.

Hata hivyo sitaki mkatae kwa hasira tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi kiasi cha 4,600 wa Lamu wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari ya Lamu, na safari ya kuzifikia fedha zile mnaijua wenyewe. Siku nyingine mtu akiambiwa athibitishe anakovua, rekodi ya miaka ya mashua yake ni ushahidi kuliko mdomo wake. Rekodi hiyo inatufaa, mradi ikae kwetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za mahali ulipo kuwa zako, na inakupa haki ya kujua zinatumiwaje na kuzipinga.

Pendekezo la kamati: tukubali treka kwa sharti kwamba nakala ya kwanza ya rekodi ikae na chama, mwenye chombo aweze kuizima treka, na mtu wa nje asionyeshwe rekodi bila idhini ya maandishi ya mwenye chombo. Mradi ukikataa sharti hata moja, tuzirudishe zilizofungwa. Nakala za mkataba ziko mezani kwa katibu, kwa Kiswahili. Zisomeni wakati wa chai, aliye na miwani amsomee asiye nayo, kura ni baada ya Adhuhuri.