Risala ya Wanafunzi wa Chama cha Historia kwa Mgeni Rasmi, Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na hamjambo.

Mzee wetu, ahsante kwa kuitika mwito. Wengi hapa Malindi wanakujua kwa minazi yako. Kwamba uliwahi kuwa fayamani, yaani mchochea moto, wa gari la moshi, hata sisi tulijua juzi tu, tulipotoka Makumbusho ya Reli kule Nairobi tukaanza kukusimulia injini kana kwamba tumeiunda sisi. Utuwie radhi.

Injini yenyewe ni nambari 5918, Mount Gelai. Iliundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955, moja kati ya injini 34 za aina ya 59, zote zikapewa majina ya milima na majabali ya Afrika Mashariki. Uzito wake ni tani 252 hivi. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, limelala katikati, mbele na nyuma kuna seti mbili za magurudumu, kila seti na silinda zake, basi kwenye kona hujipinda kama jongoo. Zilikuwa zikivuta tani 1,200 kutoka Mombasa, ufukweni, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Hayo tungeyasoma popote. Habari ya mchanga tuliipata kwako. Ulitueleza kuwa injini hizi zilichoma mafuta mazito, si makaa, na masizi yakijaa kwenye mabomba ya boila, mvuke hudorora. Hapo fayamani huchota mchanga akautupia tanurini, nao ukavutwa na moto, ukakwangua mabomba na kutokea kwenye dohani pamoja na masizi, moshi mweusi tititi. Ole wake aliyeanika nguo karibu na reli!

Sasa ombi letu. Magofu ya Gedi hapa jirani yametulia mahali pake, na hatuyadai zaidi. Injini iliundwa iende. Mount Gelai yenyewe, baada ya kustaafu, iliwahi kuwashwa tena ikavuta treni za matembezi. Tunafahamu haiwashwi kama bodaboda: boila hupashwa polepole kwa saa nyingi ili chuma kitanuke sawasawa, na lazima likaguliwe kwanza. Wala haiwezi kukanyaga reli mpya ya SGR yenye upana wa milimita 1,435, kwa kuwa magurudumu yake yaliundwa kwa reli yenye upana wa mita moja. Itapita kwenye reli ya zamani tu.

Tunaomba utusaidie kuandika barua kwa wahusika, watujulishe siku itakapowashwa tena. Reli haikufika Malindi, kwa hiyo nauli ya kwenda tumeanza kuichanga kwa kuuza mabuyu na viazi karai.

Pia tunaomba siku hiyo ukae nasi kwenye behewa, ingawa mwenzetu mmoja anaapa utatutoroka uende mbele kwa dereva.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Historia.