Kaka, sikukuomba ubebe kabati

Kaka,

Nimepiga simu mara nne, hupokei. Shemeji ananiambia umelala, saa kumi na moja jioni, wewe ambaye hata usiku bega halikupi usingizi. Basi nakuandikia hapa, maana hapa najua unapita.

Nianze na la kabati. Ilikuwa wiki ya tano tangu upasuaji wa bega lako. Daktari alikueleza mbele yangu: kano, ule ugwe unaoushika msuli kwenye mfupa, imeshonwa na kufungwa mfupani kwa vijinanga, ila uzi unashikilia kwa muda tu, mpaka kano iote tena mfupani, na hiyo ni kazi ya miezi. Wiki 6 mkono ukae kwenye mkanda, usiunyanyue wenyewe. Ukaitikia. Siku ya kuhama kwangu ukavua mkanda, ukautundika kwenye kitasa kama anayevua koti, ukaja kushika upande wa chini wa ngazi. Mimi nilikuwa juu. Nilikuona. Kabati lilipofika usawa wa kifua chako uso ukabadilika. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Shusha." Heri ungenitukana.

Unawaambia watu nilikuomba. Sikukuomba. Nilisema tumepungukiwa mtu mmoja. Hayo ni maneno mawili tofauti.

(Haya, niliyasema nikikutazama.)

Tena kama ni lawama, tuzianzie mbali. Ulipoanguka ukajidakia kwa mkono ule, nani alikusihi usiishie kwenye eksirei? Ulirudi unacheka, "Mfupa mzima!" Eksirei huonyesha mfupa, kano haionekani humo. Ukakaa miezi mitatu unachua dawa, huwezi kuchana nywele, huwezi kuchomekea shati nyuma, unalala umeegemea mito. Mpaka altrasaundi ikaonyesha: kati ya zile kano nne zinazokishikilia kichwa cha mfupa wa mkono begani, ya juu imekatika yote. Mwenye kano iliyochanika kidogo, au iliyochakaa taratibu kwa umri, mara nyingi huanzishiwa mazoezi na akapata nafuu bila kisu. Yako ilikatika ghafla. Ikicheleweshwa, kano hujivuta nyuma, msuli ukanyauka na kuingiwa mafuta, kuishona ikawa kazi. Daktari alisema angependa kukuona mapema. Alikutazama wewe alipolisema hilo, hakunitazama mimi.

Na nani alikuja kila asubuhi baada ya upasuaji? Unainama, mkono unaning'inia, unauyumbisha taratibu kwa mwili, mimi nahesabu. Ulikuwa unaniibia hesabu, unaruka kutoka 12 hadi 15, tunacheka mpaka Shemeji anatufukuza jikoni. Zile asubuhi nilizipenda, Kaka. Sijawahi kukwambia.

Sasa imechanika tena, na umeamua kwamba basi. Basi ya nini? Wapo wanaoendelea na kano iliyoachia na mkono ukawatosha, kwa sababu wamejenga misuli mingine ya bega na ya bapa, ule mfupa mpana wa nyuma ya bega. Wapo wanaoshonwa mara ya pili. Ikishindikana kabisa, kwa wengine huwekwa kiungo bandia kilichogeuzwa, tufe upande wa bapa na kikombe upande wa mkono, ili msuli mkubwa wa nje ya bega ufanye kazi ya kano zilizokufa. Lipi ni lako, sijui mimi wala hujui wewe, na hutalijulia kitandani. Usiufungie mkono ubavuni siku zote pia, bega litaganda, uwe na matatizo mawili. Na sigara ziache. Zinachelewesha kano kupona, uliambiwa, ukasema daktari naye anavuta.

Ungekuwa wewe uko juu ya ngazi na mimi chini, ungenizuia. Hilo nalijua, ndiyo maana nakasirika ukinisema.

Jumanne nakuja kukuchukua twende kliniki. Mkanda wako bado uko kwangu, kwenye kitasa kilekile. Nimeufua mara mbili.

Mdogo wako