Baba arudi kwenye dawa, ila asirudi kwenye zilezile kimyakimya

Shoga yangu Rehema,

Voisi zako zote nimezisikiliza, ile ndefu nimeirudia maana ulikuwa unaongea huku unapika na sufuria zinagongana. Nimeona nikuandikie tu, haya mambo ukisimuliwa kwa mdomo unasahau nusu, na hii utaweza kumpa kaka yako asome au umsomee baba mwenyewe akiwa ametulia.

Kwanza hasira zipunguze. Unasema baba kaacha dawa za presha makusudi na sasa inasoma 178 kwa 104, sawa, inatisha, lakini hebu mwangalie na yeye: alikuwa hajisikii kuumwa popote, akapewa kidonge, miguu ikavimba mpaka viatu vya msikitini havimwingii, akarudi akaongezewa kidonge kingine akawa anaamka usiku kucha kwenda chooni, na juu yake misuli ya miguu inamkakamaa anapiga kelele. Hata mimi ningeacha. Wengi wanaoacha dawa hapa dirishani kwetu duka la dawa wana sababu, ila wanaona aibu kumwambia daktari, basi wanaacha kimyakimya na siku ya kliniki wanasema "nakunywa".

Hiyo amlodipini ya miligramu 10 aliyoanza nayo ni dawa nzuri sana, nisikudanganye, na kwa watu wetu inashusha presha vizuri. Kwenye kuta za mishipa ya damu kuna misuli, na hiyo misuli ili ikaze inataka kalsiamu iingie ndani yake. Amlodipini inaziba vijitundu vya kupitishia hiyo kalsiamu, misuli inalegea, mshipa unatanuka, presha inashuka. Shida yake inalegeza zaidi mishipa inayoleta damu kuliko ile inayoirudisha, kwa hiyo damu inafika miguuni kwa fujo na kutoka inatoka kwa taabu, ni kama daladala imeachia mlango mzima watu wapande halafu wa kushuka wanapitia dirishani, matokeo yake maji yanasukumwa nje ya vile vimishipa vidogo yanakaa kwenye kifundo. Ndo maana jioni unakuta soksi imemwachia mchoro na asubuhi akiamka mguu umepungua.

Sasa elewa hapa maana ndipo mambo yalipoharibikia. Kama vipimo vya figo na moyo viko sawa kama ulivyonitumia, ule uvimbe haukuwa wa mwili kujaa maji, kwa hiyo Lasix, kile kidonge cha kukojoza walichomwongezea kwenye ile zahanati, isingeusaidia sana. Lasix inaziambia figo zimwage chumvi na maji, na vikitoka vinaondoka na potasiamu, na potasiamu ikishuka ndo hiyo misuli kukakamaa, mwili kulegea, saa nyingine moyo unapigapiga vibaya. Yaani amepewa dawa ya kutibu dawa. Lasix ina kazi yake kubwa tu, mtu ambaye moyo umechoka kusukuma na maji yamejaa mapafuni inamwokoa, ila kwa kifundo kilichovimba kwa amlodipini hapana.

Cha kufanya kipo na ni rahisi. Daktari anaweza kumrudishia ile amlodipini lakini ya miligramu 5, maana ule uvimbe unaenda na dozi, kwenye 10 ni mwingi kuliko kwenye 5. Au anamwekea pamoja na losatani au dawa za jamii ya enalaprili, hizo zinafungua na ile mishipa ya kurudishia damu, kwa hiyo presha inashuka zaidi na mguu nao unapungua. Hilo ndilo nataka mkaliulize. Ila mguu mmoja peke yake ukivimba na kuuma, au akianza kukosa pumzi akilala chali, hapo msingoje siku ya kliniki, mpelekeni.

Na ile hoja yake kwamba aliacha siku mbili tatu akapima akaona presha bado nzuri, "mnaona sasa?", jibu lake ni kwamba amlodipini inakaa mwilini sana. Nusu yake tu kutoka inachukua saa 30 mpaka 50. Kwa hiyo siku alizokuwa anajisifia alikuwa bado anaishi kwa vidonge vya juzi. Na kurudi ni hivyohivyo, akianza leo asitegemee kesho mashine imfurahishe, ampe kama wiki moja au zaidi kidogo.

Haya, losatani. Mwili una kitu kinaitwa anjiotensini, kazi yake kubana mishipa na kuufanya mwili ushike chumvi. Zile dawa zinazoishia na "prili", kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, zinazuia kisitengenezwe. Losatani yenyewe inakiacha kitengenezwe ila inakifungia mlango kisifanye kazi. Unaweza kuona ni kitu kilekile lakini tofauti yake utaisikia kifuani, maana hizo za "prili" zinazuia pia kuvunjwavunjwa kwa kemikali nyingine inaitwa bradikinini, ikirundikana inaleta kikohozi kikavu, kile cha kukereketa koo usiku, hakina makohozi wala homa. Inampata kama mtu mmoja kati ya kumi hivi. Nina mzee mteja wangu alikohoa miezi, kanunua kila sirapu iliyopo kwenye shelfu, kapimwa TB hana, mpaka siku moja katoa dawa zake zote mfukoni kutafuta hela nikaona enalaprili. Akaenda akabadilishiwa losatani na kikohozi kikaisha baada ya wiki chache. Nilimuuliza kwani hakuwahi kumwambia daktari, akasema "nilijua kifua na presha ni vitu viwili".

Kikohozi hakiui. Kinachoua, japo ni nadra, ni mtu anakunywa hizo "prili" halafu ghafla midomo inavimba, ulimi unajaa mdomo, sauti inabadilika. Inaweza kutokea hata kama amezitumia muda mrefu, na watu weusi inatupata zaidi ya wazungu. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, na jamii hiyo ya dawa asiiguse tena maisha yake.

Na kuna huyo jirani anayemwambia baba dawa za hospitali ni kemikali tu hazina asili, mpe hii stori: kaptoprili imetokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka mmoja wa Brazili anaitwa jararaca. Waliona akimng'ata mtu presha inaporomoka, wakaisoma ile sumu wakatengeneza kidonge, na mwaka 1981 kikaruhusiwa Marekani. Asili gani anataka zaidi ya nyoka? Tofauti ni kwamba kwenye kidonge unajua ni miligramu ngapi, kwenye ile chupa ya mizizi anayomletea hata yeye mwenyewe hajui.

Losatani na "prili" zote zinapandisha potasiamu, kinyume cha Lasix, kwa hiyo baba akianzishiwa apimwe figo na potasiamu kabla, na baada ya wiki moja mpaka mbili arudie. Ile chumvi ya wagonjwa wa presha inayouzwa supamaketi asiitumie bila kuuliza, nyingi imetengenezwa kwa potasiamu. Na hili ni la mdogo wako, uliniambia naye presha ilimpanda: kama anatafuta mtoto aseme mapema, losatani na "prili" zinamdhuru mtoto tumboni. Wajawazito wana dawa zao, methildopa inasinziisha kweli lakini imezoeleka miaka mingi, na nifedipini pia.

Uliuliza kwa nini siku hizi mtu anapewa dawa za presha mbili mbili wakati ndo anaanza. Hilo mi naliunga mkono. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliofanyika nchi sita za huku kwetu kusini mwa Sahara, Kenya na Uganda zikiwemo, watu 728, wote weusi wenye presha. Wakawagawa makundi matatu ya dawa mbili mbili, na waliokuwa na amlodipini ndani yake, iwe na HCT (dawa ya kukojoza) au na perindoprili, walishuka vizuri kuliko waliopewa perindoprili na HCT. Wengi wetu miili inashika sana chumvi, ndo maana "prili" ikiachwa peke yake mara nyingi haifui dafu. Mbili kwa dozi ndogo zinasaidiana, na madhara yanakuwa madogo kuliko kuipandisha moja mpaka mwisho.

HCT nimeitaja, ni ya kukojoza lakini ya taratibu. Anywe asubuhi, akinywa usiku atalaumu kitanda bure. Inaweza kushusha potasiamu na chumvi ya mwili, sukari inapanda kidogo, na kama ana gauti, lile dole gumba la mguu linalowaka moto, aseme kabla maana itamwamshia.

Kuna jamii nyingine ya atenololi, propranololi, bisoprololi na kavediloli. Hizi zinauzuia moyo usisikilize adrenalini, unapiga taratibu na kwa nguvu ndogo. Kwa presha tupu siku hizi hazianzwi nazo, ila mwenye maumivu ya moyo au moyo uliochoka ndo zake. Atachoka, mikono itakuwa ya baridi, na mwenye pumu asiziguse hovyo zinabana kifua. Mwenye sukari zinamficha, sukari ikishuka hasikii moyo kwenda mbio, jasho tu ndo linabaki kumshtua. Na hizi hata zikimchosha haziachwi ghafla, moyo uliozoea kutulizwa ukiachiwa kwa mara moja unaweza kuleta maumivu ya kifua hata shambulio, zinapunguzwa polepole na daktari.

Sasa kuna jambo baba hatakwambia wewe binti yake, mwambie kaka amuulize wakiwa wawili. Nguvu za kiume. Wanaume wengi ndo wanachoachia dawa na wala hawasemi, wanasema "zinanichosha". Atenololi na zile za kukojoza ndo hulaumiwa zaidi, losatani na amlodipini zina nafuu hapo. Halafu presha yenyewe ikiachwa inaharibu mishipa hiyohiyo, kwa hiyo kuacha dawa hakumrudishii alichokuwa anakitafuta. Aseme tu, daktari hajaanza kulisikia kwake.

Aspirini ndogo ambayo shangazi anamshauri anywe "kwa ajili ya moyo", kama hajawahi kupata stroku wala shambulio la moyo na daktari hajamwandikia, asianze mwenyewe. Inafanya damu isigande haraka, tumbo linaweza kutoka damu, na presha ikiwa juu hivyo hatari ya kuvuja damu kichwani ipo.

Kupima nako, usimpime katoka kwenye ngazi anahema. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini asipandanishe, mkono mezani usawa wa moyo, asiongee, pima mara mbili uandike na saa. Asubuhi akiamka akae kwanza kitandani kabla ya kusimama, wazee presha ikianza kushuka kichwa kinazunguka na kuanguka kupo.

Kwa hiyo kliniki mkienda msiseme "baba hataki dawa". Semeni amlodipini 10 ilimvimbisha miguu, Lasix ikamkakamaza misuli, ameacha lini, presha nyumbani inasoma hivi. Daktari akiyasikia hayo anajua pa kuanzia. Mwende wiki hii, msingoje tarehe ya kadi. Na akipata kichwa kikali, kifua kubana, mdomo kwenda upande au kushindwa kuongea, hiyo ni emajensi, mfanye haraka.

Kitu cha mwisho na hiki nakitaka leo kabla hujalala. Ulisema magoti yalimsumbua sana msimu wa kulima na sasa hayamsumbui. Magoti ya mtu wa umri ule hayaponi hivihivi, kuna kitu anakunywa. Nahisi ni diklofenaki au ibuprofeni za dukani, na hizo zinaufanya mwili ushike chumvi na maji, presha inapanda hata akiwa na dawa, na zikikutana na losatani pamoja na ya kukojoza figo zinaweza kusimama. Mwambie akumwagie mfuko wake wote mezani, hadi vile vya kwenye bahasha visivyo na jina, upige picha mbele na nyuma unitumie. Kama ni hizo, aache hizo, magoti tutayatafutia panadoli na dawa ya kupaka kwanza.

Nisalimie mama na hao wanao wakorofi.

Wako, Mwanaidi